Nimeunyoa Mti wa Mama Mkwe, na Mke Wangu Hajui

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana Jumamosi inakuja mbio na mimi sina pa kujificha. Mimi ni kinyozi, nina miaka thelathini na tisa, nina duka la viti viwili karibu na stendi ya mabasi, na watu wananiita Mkasi kwa sababu mteja hatoki kwenye kiti changu mpaka kila unywele umekaa panapotakiwa, hiyo ndiyo sifa yangu mjini na hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mke wangu anashona sare za shule hapo hapo nyumbani, tumeoana miaka saba iliyopita, na Shangazi sitakuficha, mama yake hakunitaka. Hakunitukana, hapana, yule mama hana matusi, alimwambia tu binti yake mbele yangu, "Mtu wa mkasi, mwanangu? Haya." Na hiyo "haya" yake ungeisikia ungejua kesi imefungwa. Mke wangu akamjibu maneno makali ambayo mpaka leo anayajutia, wakakaa mwaka mzima hawasemeshani. Kisha siku moja tukasikia hodi, mama mkwe huyo mlangoni, amesafiri kutwa nzima kwa basi amepakata kopo la rangi mapajani, na ndani ya kopo kuna chipukizi amelichimba ubavuni mwa mti wake wa nyumbani, ule anaouita lilaki, ambao baridi ikiisha tu unafunikwa na mashada ya maua ya zambarau na harufu yake inaingia mpaka kwenye nguo kabatini. Mke wangu amekua na harufu hiyo, akiisimulia anafumba macho, mimi sijawahi kuinusa. Basi mama akaomba jembe, akachimba mwenyewe chini ya dirisha la chumba chetu, akapanda, akamwagilia, akanawa mikono, akatuambia, "Ukichanua niiteni. Nitakuja nikae nanyi wiki mbili tatu." Kesho yake akaondoka. Sote tulielewa kwamba hiyo ndiyo samahani yake, ila ameipitishia kwenye mti kwa sababu mdomoni haikutoka.

Shangazi, mti ule haujawahi kuchanua. Miaka sita. Umekua, umenenepa, majani yake mazuri, lakini ua hata moja la kumdanganyia mtu hakuna. Na mama kila akipiga simu wanaongea kama watu wa ofisini, salamu, mvua, miguu yake inavyomsumbua siku hizi, kisha anauliza, "Na mti?" Mke wangu anajibu, "Bado, mama." Mama anasema, "Haya." Simu imekatwa. Mimi kama nilikuwa nakula nasukuma sahani kando, maana najua baada ya hapo mke wangu atarudi kwenye cherehani na atashona mpaka usiku wa manane. Na sasa ameanza mengine, juzi juzi alisimama dirishani akasema, si kwa hasira, ingekuwa kwa hasira ningejibu, alisema polepole tu, "Labda mama aliona kitu kwenye nyumba hii ambacho mimi sikukiona." Nyumba hii ni mimi, Shangazi. Ndani hamna mwingine.

Sasa nikuambie nilichofanya. Mimi siwezi kuona kitu kiko timtim nikakiacha. Kila mwaka baridi inapoanza kulegea, ule mti unakuwa umetoa vijiti huku na huku kama mtu aliyeamka sasa hivi, basi nachukua mkasi wa bustani, nauzungukia, juu nauweka tambarare, pembeni nauweka duara, nikimaliza narudi nyuma hatua tatu naukagua kama ninavyokagua kichwa cha bwana harusi. Majirani wanasifu. Kuna mmoja alinikaribisha chai kwa ajili ya mti ule. Na moyoni nilijua namfanyia mke wangu jambo la maana, nauweka mti wa mama yake nadhifu ili ukija kuchanua uchanue kwa heshima.

Wiki tatu zilizopita nikaanza kazi hiyo kama kawaida, nimemaliza upande wa barabarani, skrubu ya mkasi ikafyatuka ikapotelea kwenye nyasi. Nikasema nitamalizia kesho. Kesho yake dukani akaja mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, mtunza bustani wa hospitali, nikamfunga taulo, nikampaka povu, na maongezi ya kwenye kiti cha kinyozi hayana mlango, nikajikuta namsimulia habari za mti wetu mkaidi, mbolea nimeweka, maji nimeweka, kila mwaka nauchonga vizuri. Akauliza, "Unauchonga lini?" Nikamwambia, baridi ikielekea kuisha. Shangazi, yule mzee alicheka mpaka ikabidi niondoe wembe shingoni mwake. Akasema, "Sikiliza, Mkasi. Maua ya mti huo hayatengenezwi mwaka huu. Yametengenezwa mwaka jana wakati wa joto, yamelala kwenye ncha za matawi baridi yote yakingoja. Halafu wiki chache kabla hayajafunguka unakuja wewe na mkasi. Mti huo si mkaidi, baba. Kila mwaka unajiandaa, na kila mwaka unaukatisha tamaa."

Sijui zile ndevu nilizimaliza vipi. Mchana nikafunga duka nikaenda nyumbani, mke wangu ametoka kupeleka sare, nikazunguka upande wa dirishani ambao mkasi ulikuwa haujaufikia, na kwenye kila ncha nikakuta matumba mawili mawili, manene, yamefumba, vitu ambavyo miaka yote nilivichukulia kama vinundu vya kusawazisha. Nikahesabu mpaka arobaini nikaacha. Shangazi, nilichuchumaa pale chini ya dirisha nikacheka peke yangu. Kumbe si mama, si ndoa yetu, si nyumba ina kasoro, ni mimi tu na usafi wangu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kugundua kwamba ni mjinga.

Furaha yenyewe ilidumu saa tatu tu. Mke wangu akarudi, akauangalia mti, akauliza, "Mbona safari hii umeacha nusu kichwa?" Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikafungua mdomo, kikatoka, "Mkono unauma." Basi tangu siku hiyo kila jioni analeta dawa ya kuchua, ananikanda mkono wangu mzima kabisa, taratibu, huku ananipa pole, na mimi nageuza uso ukutani kwa aibu. Nikijisahau nikanyanyua ndoo kwa mkono huo ananikemea.

Nikajipa moyo kwamba nitanyamaza, matumba yatajifungukia yenyewe, mke wangu atampigia mama yake, watapatana, na mimi nitakuwa nimechomoka salama bila mtu kujua. Lakini juzi Jumapili, baada ya simu nyingine ya "bado" na "haya", mke wangu amekata kauli. Amepatana na mtu wa kuchimba, Jumamosi asubuhi anakuja kuung'oa mti, na pale tutaweka kamba za kuanikia sare. Nikimwambia asiung'oe ataniuliza kwa nini, nikimwambia kwa nini atajua kwamba mimi ndiye niliyemfungia mama yake mlango miaka yote hii, na kwamba mkono hauumi, na nikinyamaza mti unakwenda na kila kitu. Shangazi, je, kuna namna ya kumzuia bila kumwambia? Au kuna namna ya kumwambia nusu? Barua hii naileta mwenyewe ofisini kwenu, namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Usiogope kuichapa, mke wangu hasomi ukurasa wako.

Ni mimi, Mkasi, mkono mzima.

SHANGAZI ANAJIBU

Mkasi, hebu kaa wewe leo kwenye kile kiti, nikufunge taulo.

Nianze na pole, kwa sababu unaistahili. Kinyozi aliyekataliwa na mama mkwe, halafu kila mwaka anatoka kwenda kuutengeneza mti wa mama mkwe huyo huyo ili upendeze, si mtu mbaya. Hukuwa na nia ya kumfungia mtu mlango. Na mzigo wenyewe si mkubwa kama unavyoubeba. Nimempigia simu mama mmoja anayeotesha miche ya maua, kazi anayoifanya tangu ujana wake, nikamsomea barua yako. Baada ya kucheka, na alicheka sana, akasema chipukizi la lilaki likihamishwa hukaa miaka mitatu, minne, likijenga mizizi tu, ua haliwazi. Kwa hiyo hata ungekuwa huna mikono, miaka ile ya mwanzo isingekuwa na maua. Yako ni miwili, na nusu ya mwaka huu. Shusha pumzi.

Umeshashusha? Sasa nikugombeze. Mteja akikaa kwenye kiti chako humgusi unywele kabla hujamwuliza anataka nini. Mti wa watu, wenye maneno mazito namna ile, hukumwuliza mtu yeyote. Mke wako amekua na mti wa aina hiyo dirishani. Mama mkwe wako anao mpaka leo. Ungeuliza mmoja wao swali moja dogo, "Hivi huu hukatwa lini?", leo usingekuwa unaniandikia. Lakini ulikuwa unamwogopa mama, ukaona bora ushike mkasi kuliko kushika simu.

Na huo mkono. Bwana wewe, mwanamke anainamia cherehani kutwa, mabega yake ndiyo yanayouma kweli, jioni anakaa chini kukukanda mkono usio na kitu, na unapokea. Leo jioni dawa ya kuchua unaishika wewe, na mabega yanayokandwa ni yake. Hilo si ombi.

Unauliza kama unaweza kumwambia nusu. Umeshauacha mti nusu kichwa, mtaa mzima unaushangaa, na bado hujajifunza. Utamwambia yote, kuanzia skrubu mpaka mkono.

Lakini kuna jambo ambalo hukuliona, na ndilo lililonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine zote. Mama mkwe wako ana mti wake. Huu wenu umetoka ubavuni mwa ule. Kila mwaka baridi ikiisha wa kwake unachanua, anautazama, anajua kabisa kwamba na wenu wakati wake umefika. Anapiga simu. Anauliza, "Na mti?" Anaambiwa bado. Mwaka wa tano bado. Wa sita bado. Hebu fikiria wewe ndiye mama huyo. Ulisema neno baya siku moja, likakuuma, ukapanda basi kutwa nzima na kopo mapajani kwenda kulifuta, ukasema niiteni ukichanua. Ungeamini kwamba mti haujachanua? Au ungeamini kwamba wale watoto wameamua usije, ila wana adabu ya kutokukwambia? Mnaiogopa ile "haya" yake nyote wawili, mnadhani anawahukumu. Mimi nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu namsikia mama anayemeza kitu kikubwa ili asiwasumbue.

Ndiyo maana nakuambia usingoje maua. Ungengoja yachanue ndipo umwite, angekuja, lakini asingejua kwamba miaka yote alikuwa anatakiwa. Mkeo naye angebaki na ile miaka moyoni, hajui aiweke wapi. Wewe ndiye pekee mwenye jibu lao wote wawili, na umelikalia kwa sababu ya aibu ya mtu mmoja anayejua kunyoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga duka mapema. Mkute mkeo, mwambie azime cherehani, mpeleke nyuma ya mti upande wa dirishani, mwonyeshe matumba kwa kidole kabla hujafungua mdomo, maana akiyaona kwanza atakuwa na kitu cha kushikilia wakati anakukasirikia. Halafu sema. Atakasirika, mwache akasirike, usijitetee, usianze habari za majirani waliokusifu. Mtu wa kuchimba mpigie wewe mwenyewe, mwambie kazi hakuna. Kisha simu ya mama, mpigieni mkiwa wote, na msingoje mama ndiye atangulie kusema.

Kuhusu mti wenyewe, mama wa miche anasema usiuguse hata kwa ukucha mpaka maua yaje na yanyauke. Upande uliounyoa hautatoa kitu mwaka huu, na uukubali hivyo hivyo. Maua yakishanyauka, hapo una wiki tatu hivi za kukata, baada ya hapo weka mkasi ndani. Utatoa vichwa vilivyokauka, na vile vishina vizee viwili vitatu utavikatia chini kabisa karibu na udongo ili vijana wapate nafasi, na machipukizi yanayotokea pembeni utayang'oa. Usichonge duara. Punguza na mbolea, anasema ikizidi mti unanenepa majani na kusahau maua, na jivu kidogo la jikoni linautosha. Ni mti unaopendeza ukiwa timtim, Mkasi. Itakubidi ujifunze kuutazama hivyo hivyo.

Gazeti hili linatoka Jumapili na mchimbaji wako alikuwa aje Jumamosi, hivyo majibu haya nilikutumia kwa simu siku ile ile ya Jumatano niliyopokea bahasha. Ulisema mkeo hasomi ukurasa huu. Aliyenijibu Alhamisi jioni ni yeye, na ameniruhusu niyaweke hapa maneno yake kama alivyoyaandika:

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mke wa Mkasi. Alinileta mpaka kwenye mti, akanionyesha, akaanza kunisomea ujumbe wako, akafika kwenye mkono akashindwa, akanipa simu nisome mwenyewe. Kwanza nilicheka. Halafu nikakasirika kwa ajili ya mti, nikapoa, nikakasirika upya kwa ajili ya mkono, na hasira hiyo ya pili bado ninayo kidogo, lakini jana amenikanda mabega mpaka nikasinzia kwa hiyo nitaiacha ipite. Mimi nilishafika mahali nikaanza kumtazama mume wangu nikijiuliza kama nilikosea. Na alikuwa anaukata mti kwa kunipenda. Nimejisikia mwepesi, sijui nikuelezeje.

"Leo mchana tumempigia mama, simu tumeiweka katikati ya meza. Mume wangu alisema mwenyewe, hakunisubiri. Alimwambia, mama, mti haujawahi kuchanua hata siku moja, na aliyeuzuia ni mimi, nilikuwa naukata kila baridi ikiisha kwa sababu sikujua, na sikuuliza. Tulidhani simu imekatika. Nikaita, mama? Akasema, nipo. Kisha akasema, 'Mimi nilijua umechanua. Wa kwangu unachanua kila mwaka. Nikajiambia hawataki nije, ni watoto wazuri tu hawawezi kusema.' Hapo nikajifuta macho kwa kitambaa cha sare, mume wangu naye akageuza uso ukutani. Mama akatungoja. Halafu akaniuliza basi la asubuhi siku hizi linafika kwetu saa ngapi."